Pumua Mlimani

Atupele,

Barua za watu huanza na salamu. Hii haina. Wiki nzima tumepishana mlangoni kama wapangaji, wewe hujanipa shikamoo na mimi sijakuuliza umeamkaje, sasa nikikaa hapa kukuandikia "hujambo mwanangu" utakuwa unafiki, na Mungu ananiona. Kwa hiyo naanza na hasira, maana ndiyo niliyonayo.

Jioni hii umekwenda kuaga kwa shangazi yako. Baba yako yuko uani anakufungia mchele, utadhani Tanga watu hawali wali. Mimi nimekaa jikoni na karatasi kwa sababu kila nikitaka kusema na wewe kwa mdomo, mdomo unatoa kitu kingine. Mambo ya nguo, ya nauli, ya nani wa kumpigia simu ukifika, baba yako atakuambia. Yeye ana subira ya kurudia jambo moja mpaka mtu alale. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni pumzi.

Uliniumiza Jumamosi ile gulioni. Nilikuwa nimepanga vyungu vya bibi yako, wanawake wenzangu wote wa hapa Matema wanatusikia, mmoja akakuuliza kwa wema tu mambo ya Mbeya yalikwendaje. Ukamjibu bila hata kunitazama, "Mama ndiye aliyeniharibia pumzi."

Mimi. Mimi niliyekubeba mgongoni majini kabla hujajua kutembea vizuri, mimi niliyegombana na wajomba zako walioniambia mtoto wa kike aoge ukingoni na kurudi jikoni. Nikakujibu mbele ya watu wale wale, "Basi katafute mama mwingine." Ukaondoka. Wanawake wakajifanya wanapanga nyanya. Mmoja, sitamtaja, akanong'ona kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nilimsikia, na siku yake inakuja.

Ulichokuwa unakisema nakijua, kwa sababu Mbeya tulikwenda wote wawili. Bwawa la ile hoteli lilikuwa na maji ya buluu yanayonuka dawa, na mimi nikawekwa pembeni kwenye kiti cha plastiki kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Yule kijana wa filimbi, ambaye ndiye anayechagua watu wa mafunzo ya uokoaji kule Tanga, alisema kila mmoja aende mpaka ukutani na kurudi, mtindo huru, uso majini, bila kusimama. Nikacheka moyoni. Nikasema hapa mwanangu atakwenda na kurudi wenzake wakiwa bado wanavaa miwani.

Ulikwenda vizuri mno. Sikukuambia siku ile, nakuambia leo. Mlima wa Loleza ulikuwa umesimama juu ya mji, upande wako wa kulia, na kila ulipogeuza uso kuvuta hewa niliuona umetulia. Halafu ukafika ukutani, ukageuka, na mlima ukawa kushoto. Ukageuza uso kushoto kuutafuta. Shingo ikakataa, ukameza maji. Ukainua kichwa kizima nje, miguu ikazama, ukameza tena. Ukaishia kushika kamba katikati ya bwawa, unakohoa, na watu waliokuwa wanakunywa soda pale wakacheka.

Kijana wa filimbi akasema, "Huyu anapumua upande mmoja, tena haachii pumzi majini. Nani alimfundisha?"

Nikainuka. Unajua nilivyosema, ulikuwepo. Nikamwambia nimemfundisha mimi, na kwamba mwanangu anaogelea ziwa zima, hilo bwawa lake kwetu ni beseni la kunawia mikono. Nikasema na mengine ambayo karatasi hii haistahili kuyabeba. Na wewe, bado umeshika kamba, maji yanakutoka puani, ukasema taratibu, "Mama, nyamaza."

Yule kijana alikuwa na moyo mzuri kuliko mdomo wangu. Akakupa nafasi ya mwisho. Siku ya kwanza mkifika Tanga mtajaribiwa tena, na atakayesimama njiani anarudi kwao. Ndiyo maana naandika. Sitaki urudi, Atupele. Nakasirika unaondoka, nakasirika umeninunia, lakini ukirudi kwa sababu ya kitu nilichokutia mimi mwilini sitajisamehe, na wewe hutanisamehe, tutazeeka humu ndani tumenuniana kama paka wawili.

Sasa hebu tukizungumzie hicho kitu.

"Pumua mlimani." Nimekuimbia neno hilo tangu ukiwa na meno ya utoto. Tulikuwa tunatembea ufukweni mpaka kwenye miamba, upande wa njia ya Ikombe, halafu wewe unaingia majini na mimi nakufuata kwa miguu mchangani. Upepo wa mwera unavuma kutoka kusini, unakusukuma kuelekea nyumbani. Milima iko kulia kwako, ziwa liko kushoto. Kila mkono wa kulia ukitoka majini, napiga kelele, "Mlimani! Mlimani!" na wewe unageuza uso, unaona mlima, unavuta hewa. Mawimbi yalikuja kwa nyuma na kwa kushoto, hayakupata mdomo wako hata mara moja. Nilijiona mwalimu hasa.

Na kurudi? Tulirudi kwa miguu. Nani mwenye akili zake anaogelea dhidi ya mwera? Huku kwetu mtu huogelea kwenda na upepo, akitoka anavaa kandambili zake anarudi anatembea. Mimi nilifanya hivyo, wewe ukafanya hivyo, miaka yote. Haijawahi kunipitia kichwani kwamba duniani kuna maji ambayo mtu huogelea kwenda na kurudi humohumo, na kwamba ukigeuka, mlima nao unakuhama. Yule kijana angeweza kukufundisha "kulia, kulia" ukarudi vizuri tu. Mimi nilikufundisha mlima. Mwili wako ulinitii mimi kuliko ulivyojitii wenyewe, na ulipogeuka ukutani, mlima ulikuwa upande ambao sikuwahi kukupeleka.

Mtu mmoja alinionya. Unamkumbuka yule mgeni aliyekaa nyumba za wageni pale karibu na kanisa, mwanamume mwembamba aliyekuwa anaogelea kila asubuhi kama anadaiwa? Alikuona ukiwa darasa la tano. Akanijia kwa adabu, akaniambia mtoto ana mikono mizuri, lakini afundishwe kupumua pande zote mbili, na atoe hewa uso ukiwa ndani ya maji. Nikamwambia akaagize samaki wake, chakula kinapoa. Nilikuwa na kiburi hicho. Nilisema moyoni, huyu ametoka kusikojulikana, atanifundisha mimi, binti wa Kikisi, mtoto wa ziwa, habari za maji? Nimekula jeuri yangu, na wewe umeila pamoja nami, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Baada ya ile Jumamosi sikulala vizuri. Jumanne nikapanda mtumbwi wa injini nikaenda Ikombe kwa bibi yako. Ulidhani nimefuata vyungu. Nilifuata ugomvi. Nilitaka nimuulize kwa nini alinitia ujinga wa upande mmoja, maana neno lile sikulitunga mimi. Nililipata kwake.

Sijawahi kukusimulia vizuri siku ile, kwa sababu kila nikiisimulia nakasirika. Nilikuwa binti mdogo. Tulikuwa tunatoka Ikombe na mtumbwi wa kasia, umejaa vyungu vya gulio, bibi yako nyuma, mimi mbele. Katikati ya vile vyungu kulikuwa na kimoja changu. Kidogo, mdomo umepinda upande, lakini nilikifinyanga peke yangu, nikakichoma, hakikupasuka. Nilikuwa nakwenda kukiuza mwenyewe. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumwambia mnunuzi.

Mwera ukaamka ghafla. Mtumbwi ukajaa, ukapinduka, tukawa majini wote pamoja na vyungu. Vingine vilizama palepale, vingine vikaelea kidogo vikiwa vinakunywa maji polepole. Ufukwe haukuwa mbali. Mimi nilijua kuogelea kama watoto wote wa pale wanavyojua, kwa kupiga-piga. Lakini nilikuwa sisogei. Nilikuwa nazunguka nakitafuta kile changu. Bibi yako akanishika nywele, akanigeuza uso kwa nguvu kuelekea nchi kavu, akanipigia kelele sikioni, "Tazama mlima! Pumua!" Nikautazama. Nikapumua. Kila nikitaka kugeuka, sauti ileile, "Mlima! Pumua!" mpaka magoti yakagusa mchanga.

Kuanzia siku ile nikaamini mlima ndio ulioniokoa. Nikaifanya sheria. Nikaogelea kwayo miaka yote, nikamlea mtoto kwayo.

Basi Jumanne namkuta bibi yako amekaa chini, analainisha mdomo wa chungu kibichi. Sikusubiri hata maji ya kunywa. Nikamwambia yote, ya Mbeya, ya gulioni, ya kwamba mjukuu wake amechekwa kwa sababu ya mafundisho yake ya kupumulia mlima. Akanisikiliza mpaka mwisho huku kidole kinazunguka. Halafu akaniuliza, "Nani alikufundisha kuogelea siku ile?"

Nikamwambia, wewe.

"Mimi nilikuwa nakukataza kutazama vyungu," akasema. "Ulikuwa unakufa kwa ajili ya kichungu. Ningeona ng'ombe ufukweni, ningekuambia tazama ng'ombe."

Akacheka, Atupele. Akacheka mpaka akaweka udongo pembeni. Mimi nilisimama pale na umri wangu huu, mama wa mtoto anayeondoka nyumbani, nikitamani kulipiga teke lile rundo la vyungu. Maisha yangu yote nimelibeba neno la "acha vyungu" nikidhani ni somo la kuogelea. Nikakupa wewe somo la kuogelea, na lile la vyungu sikukupa, kwa sababu sikulijua.

Alipomaliza kucheka akaniambia nimsaidie kusogeza chungu kibichi. Nikakishika shingoni nikigeuze. Akanipiga mkono. Chungu kibichi hakigeuzwi kwa shingo, kinageuzwa kizima, shingo na tumbo pamoja, la sivyo kinachanika hapo hapo. Hilo nalijua tangu utoto. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anashika shingo kwanza. Nikakigeuza kizima. Na hapo nikakuona wewe katikati ya lile bwawa, shingo imejikunja peke yake, kifua kimelala palepale, unatafuta hewa.

Kesho yake alfajiri nikaingia majini. Na siku iliyofuata. Sikukuambia, nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna haogelei mbele ya watu. Baba yako ndiye aliyeniona, akauliza kama nimepoteza kitu ziwani, nikamwambia aangalie kakao zake zisinyeshewe. Nilianzia kwenye miamba ileile, nakuja na upepo, lakini sasa napumulia kushoto, upande wa ziwa.

Nilimeza maji ya kutosha kupikia ugali. Wimbi la kwanza lilinipiga kinywani kama kofi. Nilipiga kelele peke yangu, nikalitukana ziwa, nikakutukana na wewe kidogo, nisamehe. Upande ule sikuwa nimeutazama tangu siku ya vyungu. Ni maji matupu mpaka macho yanachoka, hakuna pa kushika. Niliogopa, na mimi nikiogopa nakasirika, unanijua.

Halafu nikafanya alichosema yule kijana wa filimbi, kwa shingo upande. Nikaachia pumzi nikiwa bado uso chini. Taratibu, kwa pua na mdomo, mapovu yanapita mashavuni, mpaka kifua kiwe chepesi. Hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu mwingine. Siku zote nilikuwa nabana pumzi majini, halafu nikigeuka nataka kutoa na kuvuta kwa mara moja, kwa haraka, kama mtu anayeiba. Ndiyo maana tunapaparika. Ukishaitoa yote chini, juu huna kazi ila kuvuta. Na mtu ambaye hana haraka hainui kichwa. Anageuka na mwili, bega na nyonga pamoja, kama kile chungu, sikio linalala juu ya mkono ulionyooshwa mbele, jicho moja linabaki majini, na nusu ya mdomo inatosha. Mkono ule wa mbele usiukandamize chini wakati unavuta hewa. Nilikuwa naukandamiza, nikawa nazama kila nikipumua, nikawa nalaumu wimbi. Na miguu ipige kutoka nyongani, midogomidogo. Wewe ukiogopa unaikunja magoti kama unapanda ngazi, nilikuona Mbeya.

Siku ya tatu nilipumua kushoto, nikapiga mikono, nikapumua kulia, nikapiga mikono, nikapumua kushoto. Ziwa, mlima, ziwa. Nilifika usawa wa nyumba yetu nikapitiliza. Halafu nikafanya jambo ambalo sijafanya maisha yangu yote. Nikageuka nikarudi majini, mwera usoni, badala ya kutoka na kutembea. Sikufika mbali, mimi si binti tena. Lakini nilirudi kipande, uso majini, na sikumeza.

Ungekuwepo ningekuonyesha. Ulikuwa umelala, au ulijifanya umelala.

Kwa hiyo ndiyo hayo. Ulisema kweli gulioni. Nilikuharibia pumzi. Ulikosea kuisema mbele ya watu wanaonunua vyungu vyangu, na kwa hilo bado nina hasira na wewe, tena nitakuwa nayo mpaka Krismasi. Lakini kweli ni kweli. Na lile neno la kutafuta mama mwingine nalirudisha. Silirudishi kwa kuwa nimepoa, sijapoa. Nalirudisha kwa sababu ulipoondoka gulioni nilitaka kukukimbilia, nikashindwa kwa ajili ya kuchunga vyungu. Fikiria. Umri huu, na bado nilikuwa natazama vyungu.

Tanga mjini, wanaojua wananiambia, ni tambarare. Hakuna mlima juu ya bwawa. Utakapofika ukutani na kugeuka, mwili wako utautafuta, nimeufundisha mimi na naujua ukaidi wake. Usiutafute. Achia pumzi yako chini, geuka mzima, vuta upande wowote wenye hewa. Wakicheka, mimi sitakuwepo kuinuka kwenye kiti, na najua hilo litakufurahisha.

Yule mwanamke wa gulioni alisema utafunzwa na ulimwengu. Afadhali. Ulimwengu ukufunze nilichoshindwa, nami nikishasikia umefaulu nitakwenda kumwambia asante, kwa sauti, mbele ya nyanya zake.

Asubuhi baba yako atakusindikiza mpaka stendi ya Kyela. Yeye atakuambia "ndaga, asante" mara nyingi, atakuombea kwa Mungu wake Kyala, atalia bila kujificha, mwache alie. Mimi siendi stendi. Nitasimama hapa barabarani gari likiondoka, na uso wangu utakuwa mbaya, maana sijui kuagana na mtu huku nimemkasirikia, wala sijui kuagana bila kukasirika. Naijua shingo yako. Itataka kugeuka dirishani.

Usigeuke, Atupele. Kesho chungu ni mimi.

Mama yako,
ambaye bado amenuna